Kazi za mikono za kufuata wasanii, P.1 hadi P.3: mbona zote zinatoka pacha?

mlezi_tororo

Salaam walimu wenzangu. Nasimamia kipindi cha baada ya masomo hapa Tororo, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na robo. Watoto ni 28, wa P.1 mpaka P.3 (darasa la kwanza hadi la tatu), miaka sita hadi tisa hivi. Kuna chumba kimoja chenye meza ndefu nne, baraza, tanki la maji nje, na umeme wa kubahatisha. Mikasi iko saba, miwili haikati hata gazeti. Pesa ya muhula ikishanunua karatasi na rangi, kwisha.

Mpango ni kuchukua msanii mmoja kila wiki mbili. Tulianza na Tingatinga: twiga mmoja, nakala 28, kila mtoto apake rangi. Wametoka twiga 28 wa tumbo moja, kadibodi zimejikunja kama magamba ya samaki, na mistari myeusi imevujia kila mahali.

Naomba msaada: wasanii gani wengine wanafaa, hasa wa hapa Uganda, na hatua zenyewe ni zipi kwa mikono midogo? Kadibodi nizifanyeje zisijikunje? Na picha ya kazi ya msanii niwaonyeshe kabla au baada?

RangiZaMaji

Mwalimu, tuanze na hao twiga. Wametoka pacha kwa sababu uamuzi wote uliishia kwenye mashine ya nakala, mtoto akabakiziwa kujaza tu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alikuwa na ubao mgumu wa bei ndogo, mara nyingi wa mraba, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Hivyo ndivyo vilivyoipa kazi yake sura. Basi wape watoto masharti yake, mnyama wajitafutie wenyewe.

Sharti langu: kadibodi ya mraba, sentimita 30 kwa 30, mnyama mmoja tu, na lazima aguse kingo tatu. Hilo la kingo tatu ndilo lenye dawa. Mtoto wa P.1 akiachiwa huru huchora mbuzi mdogo katikati, mkubwa kama stempu. Akiambiwa aguse kingo tatu, shingo inabidi ipinde, mkia uzunguke, miguu irefuke, na hakuna wawili watakaopinda sawa. Wachore kwa chaki, maana inafutika kwa kidole na haiachi mistari kama penseli.

Mfuatano wa rangi ni huu. Kwanza usuli: sponji mbili, rangi mbili, moja inashuka kutoka juu, nyingine inapanda kutoka chini, zikutane katikati zingali mbichi. Ukikauka kabisa (nusu saa barazani kukiwa na jua, wakati wa mvua subiri Alhamisi), ndipo mnyama achorwe na kujazwa kwa rangi moja. Kisha madoa. Nyeusi mwisho wa yote. Watoto hutaka kuanza na nyeusi kwa kuwa vitabu vya kupaka rangi vimewazoesha hivyo, na hapo ndipo kwako ilipovuja: rangi ya maji ya shule hata ikikauka inayeyuka tena ikiguswa na brashi yenye maji.

Madoa yawekwe kwa pamba za masikio. Rangi iwe kwenye vizibo vya chupa, na kila kizibo na kijiti chake kisichohama. Vijiti vikianza kutembeleana, ndani ya dakika kumi meza nzima ina rangi moja, nayo ni tope.

Kadibodi inajikunja kwa sababu upande mmoja umekunywa maji ukatanuka, na unapokauka unavuta ule mwingine. Siku moja kabla, paka pande zote mbili emulsheni nyeupe ya ukutani, vikombe viwili vya rangi kwa kimoja cha maji. Ikishakauka zipange chini ya rundo la vitabu usiku kucha. Na usishawishike kutumia rangi ya mafuta kwa kuwa Tingatinga aliitumia. Inasafishwa kwa thina au mafuta ya taa, na baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi.

shanga_na_uzi

Kwa Uganda huwezi kumruka Sanaa Gateja, mzaliwa wa Kisoro mwaka 1950. Watu humwita Mfalme wa Shanga. Anakunja karatasi zilizokwishatumika kuwa shanga, kisha anazishona kwa maelfu juu ya lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa hadi likawa kitambaa. Kazi hii inawafaa sana watoto kwa sababu tendo lenyewe ni dogo na linarudiwarudiwa: viringisha, bandika, chomoa.

Karatasi bora ni ya kalenda ya zamani au bango la matangazo. Gazeti la kawaida ni jepesi mno, linalegea likiguswa na gundi. Manila ni nene mno, inajifungua. Ukikata A4 hivi, hutupi karibu chochote: upande mmoja mfupi weka alama kila sentimita 2 kuanzia pembeni kabisa. Upande wa pili alama ya kwanza iwe sentimita 1, kisha kila sentimita 2. Unganisha alama kwa rula, juu-chini-juu-chini, utapata pembetatu ndefu 20 kwa karatasi moja. Kitako cha pembetatu ndicho urefu wa shanga. Urefu wa pembetatu ndio unene wake. Kwa P.1 kata kitako cha sentimita 3 na urefu wa 20 tu, wana subira ya mizunguko michache.

Hesabu yako: watoto 28, shanga sita kila mmoja kwa kipindi, ni 168. Karatasi tisa zinatosha kwa hesabu, lakini kata kumi na mbili. Kata wewe, nyumbani, kwa wembe na rula ya chuma. Mikasi saba kwa watoto 28 ni foleni, na pembetatu iliyokatwa na mtoto wa miaka sita haina ncha katikati, kwa hiyo shanga inatoka kichwa upande.

Kuviringisha:

1. Kijiti cha mishikaki, ncha zote mbili zimekatwa. Kipakwe nta ya mshumaa, shanga isikinate.
2. Anza na kitako. Mzunguko wa kwanza mzima hauna gundi. Mtoto anayepaka gundi tangu mwanzo atabaki na kijiti chenye shanga ya milele.
3. Baada ya mzunguko huo, gundi kwa ncha ya kidole, nyembamba, hadi mwisho.
4. Ncha ya pembetatu iangukie katikati. Ikienda upande mmoja, sitisha, rudisha mizunguko miwili, sawazisha. Ikiachwa, shanga inachomoza kama darubini na haitarekebika ikikauka.
5. Hesabu hadi kumi ukiibana kwa vidole, kisha ichomoe ukiizungusha, usiivute.

Vanishi waachie watu wazima. Kwa watoto, shanga irudishwe kijitini na kuchovywa kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Vijiti unavisimika wapi? Kata kipande cha mgomba, urefu wa sentimita 30, ulaze, na uchomeke vijiti humo. Vinaingia laini, havianguki, na kesho yake mgomba ni mbolea. Shanga zisigusane, zikigusana zinaungana.

Kuhusu kuonyesha picha: mimi naonyesha baada. Kabla, watoto hutazama wakatamani kufika kule. Baada, wanatazama wakiwa na shanga mkononi na kusema "hizi ni zile zile".

RangiZaMaji

Hapo sikubaliani kabisa. Onyesha kabla, ila kwa dakika mbili, picha moja, kisha ifiche. Mtoto asiyejua anakokwenda, shanga ya tatu tu amechoka. Ila picha isibaki ukutani wakati wa kazi, hapo ndipo wanapoanza kunakili.

kinu_cha_chapa

Mimi naleta Fred Mutebi, mchongaji wa chapa za mbao za rangi nyingi. Njia yake ni ya kupunguza: ubao ni mmoja kwa rangi zote. Anachonga kidogo, anapiga chapa ya rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, anachonga tena ubao ule ule, anapiga rangi ya pili juu ya ya kwanza, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukishaendelea hakuna kurudi, kwa sababu ubao wa rangi ya kwanza haupo tena.

Watoto wa P.3 wanaiweza kabisa bila mbao wala visu. P.1 wafanye rangi moja, P.2 mbili.

Ubao wenu ni kifuniko cha sahani nyeupe za povu wanazofungia chakula cha kubeba. Osha mafuta yote kwa sabuni, la sivyo rangi inakimbia. Kata pale palipo bapa, sentimita 10 kwa 14. Badala ya kisu, kalamu ya wino iliyokwisha au penseli butu: mtoto anabonyeza, mfereji unaingia, mfereji huo hautashika rangi. Akibonyeza kwa hasira povu linatoboka. Si kosa kubwa, tundu litatoka kama doa jeupe.

Rangi ya maji ya shule peke yake inakauka kabla karatasi haijawekwa, hasa jua la saa kumi. Vijiko vinne vya chakula vya rangi, nusu kijiko cha chai cha gliserini ya dukani, koroga. Inakupa dakika kadhaa za ziada. Upakaji ni kwa mchemraba wa sponji ya godoro, sentimita 4, kwa kugusagusa. Usipake kwa kufuta kama unasafisha meza, maana mifereji inajaa. Ukiona rangi inameta ndani ya mifereji imezidi. Gusisha gazeti mara moja uipunguze.

Tatizo kubwa ni kulenganisha. Rangi ya pili ikikaa pembeni ya ya kwanza, kazi nzima inaonekana kama ya mtu mwenye homa. Gundisha vipande viwili vya kadibodi mezani viwe pembe, kama herufi L. Ndani ya pembe hiyo, sentimita 3 kutoka kila upande, chora nafasi ya povu kwa kalamu ya kudumu. Povu linarudi kwenye mchoro wake kila mara, kona ya karatasi inasukumwa hadi ikwame kwenye L, ndipo inalazwa. Sugua mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda nje. Andika "juu" nyuma ya kila karatasi kwa penseli, kwani kuna atakayeigeuza.

Rangi ziende kutoka nyepesi kwenda nzito: njano, nyekundu, kisha buluu iliyokolea au nyeusi. Buluu nyepesi juu ya njano itakupa kijani usichokiomba. Rangi moja kwa kipindi kimoja, povu lioshwe na kuandikwa jina nyuma. Kila mtoto aanze na chapa nne za njano. Moja itachafuka, moja itasogea, na mbili zitafika mwisho. Akianza na moja, siku ya tatu utakuwa unabembeleza kilio.

Na herufi: chochote kilichoandikwa kitatoka kinyume. Ama uwakataze majina, ama uwape kioo wajionee. Kioo ni somo zuri, lakini litakula dakika ishirini.

mlezi_tororo

Asanteni, mmenifungua macho. Maswali matatu yamebaki. Gundi nyeupe ya kutosha watoto 28 siiwezi, kuna ya kupika? Pili, lubugo niwape washonee shanga moja kwa moja? Tatu, nina watoto kama wanane wa P.1 ambao vidole bado, kijiti cha mishikaki kinawashinda. Hao niwape nini chenye heshima, si "kapakeni rangi pale pembeni"?

shanga_na_uzi

Gundi ya muhogo. Vijiko vinne vya chakula vilivyojaa vya unga wa muhogo, vikoroge kwenye nusu kikombe cha maji baridi hadi pasiwe na donge. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, mimina ule mchanganyiko taratibu ukikoroga bila kupumzika, dakika tatu, hadi weupe wa maziwa ugeuke wa kung'aa. Ukitupa unga mkavu kwenye maji ya moto utapata vidonge vilivyoiva nje na vibichi ndani, na havitavunjika tena. Chuja kwa kitambaa.

Inashika karatasi vizuri sana. Haishiki plastiki wala karatasi yenye utelezi wa nailoni. Pika asubuhi, tumia siku hiyo au kesho yake, si zaidi. Inachacha, na mende wanaijua kuliko sisi. Shanga zilizobandikwa kwa muhogo zisifungwe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) kabla hazijakauka kabisa, siku mbili kwenye jua, la sivyo zinaota ukungu. Hiyo gundi nyeupe kidogo uliyonayo itunze kwa kuchovya tu.

mutuba_masaka

Kuhusu lubugo niongeze neno. Huku Masaka mutuba ungali unabanduliwa gome, kazi ya msimu wa mvua, shina linafungwa kwa majani ya mgomba ili gome jipya liote, na mti unaendelea kuishi. Gome linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linatanuka. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2005. Watoto waambiwe hivyo, kwa sababu wengi wanadhani ni kitambaa cha kufumwa.

Lakini lubugo Buganda ni vazi la heshima na ni sanda. Kuna wazazi watakaoguswa wakiona mtoto analeta nyumbani kipande chenye gundi na rangi ya waridi. Tuma ujumbe kwa wazazi kwanza, na uombe vipande vya pembeni kutoka kwa wanaoshona mikoba na mapambo. Usikate shuka zima.

Namna ya kulishughulikia: halifumwi, kwa hiyo halifumuki ukilikata, ila huchanika upesi kufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Livute kidogo upande huu na upande ule. Upande unaotanuka zaidi ni ule unaokatiza nyuzi. Shona ukikatiza nyuzi. Mishono ikifuatana kwenye mstari mmoja wa nyuzi, unakuwa umetoboa mahali pa kurarulia. Lisiloweshwe. Gundi ya muhogo ikiwa nyepesi inapenya na kuacha doa jeusi upande wa pili, kwa hiyo hapo ni sindano na uzi tu, si gundi.

Kwa mikono ya P.2 na P.3: sindano butu ya plastiki haipiti. Toboa wewe kwanza kwa msumari, matundu mawili kwa kila shanga, umbali mfupi kidogo kuliko shanga yenyewe. Umbali ukiwa sawa na shanga au kuzidi, shanga inacheza. Watoto wapitishe uzi wa sufu wenye ncha iliyokazwa kwa nta ya mshumaa. Pale ambapo lubugo haipatikani, gunia la kahawa au la mahindi la katani linatosha, na nasema hivyo bila aibu: jambo lenyewe ni shanga kukaa juu ya kitu cha kahawia chenye nyuzi.

byayi_na_buyoka

Wale wanane wa P.1 wape byayi, yale maganda makavu ya mgomba. Si kazi ya pembeni: mwaka 2022, Uganda ilipokuwa na banda lake la kwanza la kitaifa kwenye maonyesho ya Venice, wasanii walikuwa Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda likatajwa kwa heshima na majaji. Kazi za Kerunen zinatokana na ususi wa nyuzi za mimea, migomba ikiwemo, na anashirikiana na wanawake wasusi. Watoto wenu wanasuka mipira ya byayi tangu hawajui kusoma, kwa hiyo hapa wao ndio wataalamu.

Kitanda cha kufumia: sahani ya karatasi au duara la kadibodi ngumu, kipenyo sentimita 20. Kata nyufa za sentimita moja kuzunguka ukingo, nyufa 15. Idadi lazima iwe witiri. Ikiwa shufwa, byayi inayopita juu ya uzi fulani mzunguko wa kwanza itapita juu ya uzi ule ule mzunguko wa pili, wa tatu, na wa kumi. Hakuna kinachofungana, ukiitoa inaanguka kama ilivyoingia. Hili ndilo kosa namba moja na watu hulaumu watoto.

Tandika uzi wa katani kutoka ufa hadi kitovu, ufa hadi kitovu, kama spoku za baiskeli. Fanya wewe, zote nane, jioni ya kabla.

Byayi ipasuliwe upana wa sentimita 2, iloweshwe dakika kumi, kisha ifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu. Kavu inakatika kwenye kona. Iliyolala majini inavimba, na ikikauka kwenye kazi inasinyaa, mafumo yanalegea. Kwa hiyo usitoe kazi siku hiyo hiyo: Alhamisi sukuma mizunguko kuelekea kitovuni kwa vidole, utaona nafasi ya mizunguko miwili mitatu zaidi imepatikana ukingoni.

Mtoto akivuta kwa nguvu, sahani inakunjika ikawa bakuli. Ukitaka bapa, mwambie aache byayi ilale kama kilima kidogo kabla ya kuisukuma ikae. Ukitaka bakuli, mwache avute. Mimi ningemwacha, mabakuli yale ndiyo yanayokaribia umbo la kazi yenyewe.

kinu_cha_chapa

Usalama, kwa kifupi, maana hakuna aliyeugusa. Shanga na vizibo vya plastiki visitumiwe kama wadogo wa chini ya miaka mitatu huingia chumbani wakisubiri kaka zao. Vizibo vya chuma vya soda vina meno, acheni. Gundi ya muhogo iwe imepoa kabisa. Nje inaonekana baridi, katikati inaunguza kama uji. Wembe wa mwalimu uwe mfukoni au kabatini, hapana pahali pa tatu.

RangiZaMaji

Vizibo umevitaja, basi nimtaje El Anatsui, Mghana aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria. Anaunganisha vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vinakuwa pazia kubwa la chuma linaloning'inia kama kitenge. Kwa shule, pombe na waya vyote viwili havifai, ila njia yake inafaa.

Kusanyeni pakiti za biskuti zenye ndani ya fedha. Kata vipande vya sentimita 5 kwa 7, kunja mara tatu kwa urefu upate ukanda wa sentimita 7, wenye tabaka tatu. Toboa baada ya kukunja, tundu moja kila ncha, nusu sentimita kutoka ukingoni. Ukitoboa kabla ya kukunja matundu hayataonana, na tabaka moja likivutwa linararuka. Unganisha kwa uzi wa sufu, fundo moja lililolegea. Fundo likikazwa kazi inakuwa ngumu kama mkeka na haikunjamani.

Kila mtoto vipande 20, nne kwa tano. Kwa watoto 28 ni vipande 560, pazia moja la wote. Anatsui haamuru kazi yake itundikwe kwa umbo moja, kila ukumbi unaikunja upya. Basi wabadilishe watoto kila Jumanne: leo P.1 wanapanga mikunjo, wiki ijayo P.2.

mlezi_tororo

Hili la mwisho limenivutia, ila ukuta wetu ni wa saruji na hairuhusiwi kupiga misumari. Tepu haikai, vumbi. Na nianze na lipi, mvua zikiwa zimeshika?

RangiZaMaji

Usitundike ukutani. Fito moja ya mwanzi yenye urefu wa meza, uining'inize kwa kamba mbili kutoka kwenye boriti za baraza. Funga pazia kwenye fito kila sentimita 15. Ukiacha nafasi kubwa zaidi, uzito wote unakwenda kwenye mafundo machache, nayo yatakatika usiku ukiwa hupo. Kamba za boriti zifungwe fundo linalofunguka, ili fito ishushwe hadi kimo cha mtoto siku ya kupanga mikunjo.

Mvua zikiwepo anza na pazia na byayi, havingoji jua. Shanga wiki za jua. Chapa za povu ziache mwisho wa muhula, mikono ikishazoea.

shanga_na_uzi

Na pakiti za biskuti anza kukusanya leo. Zioshe ndani nje kwa sabuni na uzianike kabla ya kuziweka sandukuni. Makombo kidogo tu, na Jumanne utafungua sanduku la siafu.